Nikianguka Tena

Ndugu yangu mdogo alipoanguka uani kwetu Mata, nilitoa simu. Mama akafoka, "Wee! Mtoto anakufa na wewe unamrekodi?"

Lakini daktari wa neva, aliye Nairobi, ndiye aliyeiomba video hiyo. Mwenye kifafa mara nyingi hakumbuki kilichompata, na daktari anataka kujua mkono gani ulianza kutetemeka, macho yaligeukia wapi, ilichukua dakika ngapi. Voi tu ni karibu kilomita 100 kutoka kwetu. Nairobi ndiyo usiseme. Basi nikamlaza ubavu, nikarekodi kwa mkono wa pili.

Dawa ilibadilishwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nilifanya sawa? Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataja ridhaa ya mgonjwa, ila aliyepoteza fahamu ataridhia vipi? Najitetea kwamba hata wodini angetazamwa. Ni kweli, lakini macho ya nesi hayana kitufe cha kusambaza. Na huku kwetu wapo wanaonong'ona mapepo.

Juzi nilimwonyesha. Akaitazama mara mbili, kimya.

"Ifute."

"Na ukianguka tena?"

"Rekodi. Lakini uso usionyeshe."

Na daktari anayataka macho.