Mvule kwa Kuni: Je, Mwenye Shamba Ana Haki Yote?

Swali lililoletwa katika darsa letu ni hili. Mtu wa Malaba ana shamba alilolirithi kwa haki, na ndani yake umo mvule mkubwa ambao hata babu yake aliukuta umesimama. Ada ya shule ya mwanawe imefika. Akaja mnunuzi na msumeno wa mnyororo, wenye ubapa mrefu kupita mkono wa mtu, na kabla ya adhuhuri mti ule ukawa magogo juu ya lori, wenda kuwa kuni. Je, mtu huyu amekosa? Na ikiwa amekosa, amemkosea nani, hali mti ni wake?

Baadhi ya wenzetu walijibu upesi kwamba hakukosa neno, kwani mali ni yake na haja ni ya kweli. Sisi twaona jibu hilo ni jepesi mno.

Yafaa kwanza msomaji wa Mombasa au Lamu aijue hali ya huko. Busia na Malaba ni miji ya mpakani, na upande wa Kenya yote miwili imo katika kaunti ya Busia. Hapana huko msitu mkubwa kama ule wa Kakamega. Miti mikubwa iliyosalia imesimama mashambani, kando ya njia, na katika viwanja vya shule na nyumba za ibada. Wala kuni za miti hiyo si za mama anayeinjika chungu cha jioni. Yeye huokota matawi makavu, na hapana mti uliokufa kwa ajili yake. Magogo ya lori huenda kwa wenye moto mkubwa: shule za bweni, matanuri ya matofali, na mabanda ya kukaushia tumbaku. Mtu atasema mvule ni mti wa mbao. Ni kweli, shina lililonyooka hupasuliwa mbao. Lakini mti uliopinda au wenye uvungu ndani, pamoja na matawi yake yote, huishia motoni.

Zamani kazi hii ilikuwa ya shoka. Kuangusha mvule kulitaka watu kadhaa na jasho jingi, kisha kabari na nyundo za kupasulia, na mwisho wake kuni zile hazikulipa taabu yake. Basi mtu wa kuni aliuacha mti mkubwa akaenda kwenye midogo. Ugumu ule ulikuwa mlinzi wa mti, ijapokuwa hapana aliyeuweka. Leo fundi mmoja mwenye ubapa mrefu hukata upande huu akazunguka akakata upande wa pili, na shina nene karibu mara mbili ya urefu wa ubapa wake humlalia chini. (Aghalabu hana kofia ya chuma wala kinga ya miguu, na mnyororo ukimrukia hapana wa kumlipa, hilo nalo ni dhuluma, lakini si maudhui yetu leo.) Tukiwasifu wazee wetu kwa kuhifadhi miti, tuseme kweli: wako waliohifadhi kwa hiari, na wako waliohifadhi kwa kuwa shoka liliwashinda. Mashine imeondoa uchovu, na sasa ndipo ajulikane nani alikuwa na hiari na nani alikuwa amechoka tu.

Amma katika dini, imo katika Sunan ya Abu Dawud hadithi yenye onyo kali la moto kwa mwenye kukata mkunazi. Wanavyuoni wamesema mengi juu ya nguvu ya hadithi hiyo, lakini maelezo ya Abu Dawud mwenyewe ndiyo tunayoyataka hapa. Ameeleza kwamba makusudio ni mkunazi ulioko jangwani, ambao msafiri na wanyama hupata kivuli chini yake, akaja mtu akaukata kwa upuuzi na dhuluma pasi na haki. Na katika kitabu hicho hicho imepokewa kwamba Hisham bin Urwa aliulizwa jambo hili, naye akaionyesha milango ya nyumba ya baba yake, iliyofanywa kwa mikunazi ya shamba la Urwa, akasema hapana ubaya.

Wenzetu wa jibu la upesi waliishika hii ya pili, wakasema: yule alikata kwake, na huyu wa Malaba amekata kwake. Lakini na waitazame vizuri milango ile. Mti wa Urwa ulitoka shambani ukawa mlango, na mlango hukaa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufunzwa hilo. Milango ya nakshi ya mvule na msaji ingali kwenye nyumba zetu za kale, na waliokata miti yake wamekwisha sahauliwa. Mti uliopikiwa maharagwe ya juma moja umekwenda wapi?

Kisha kuna huyo msafiri. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda na mbele yake hupanga foleni Malaba na Busia, na madereva wengi ni vijana wa kwetu. Kivuli cha mti mkubwa kando ya njia ndicho sebule yao. Mti ule una mwenyewe kwa hati, walakini kivuli chake kimekuwa cha watu wengi miaka mingi. Hatusemi kwamba dereva ana hisa katika mti. Twasema kwamba mwenye mti akiuangusha bila hata kufikiri kwamba yuko mtu mwingine atakayepungukiwa, huo ndio upuuzi alioutaja Abu Dawud.

Wengine husema, "Nitapanda miche miwili badala yake." Maneno mazuri, na serikali ya Kenya nayo ilitangaza mwaka 2022 kwamba yataka ipandwe miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Lakini mvule haulipiki hivyo. Una mti dume na mti jike, na jike ukikatwa, dume lililobaki peke yake halizai kitu. Mbegu zake hutawanywa na popo, na popo hufuata miti mikubwa yenye matunda. Mche nao huandamwa na kidudu kidogo kinachotia vinundu katika majani yake hata ukadumaa. Mwenye kutaka kuni na apande mti wa kuni, kama wenzetu wa Kwale na Kilifi wanavyopanda mivinje wakaivuna baada ya miaka michache. Mti huo umepandwa kwa kukatwa, wala hapana atakayemlaumu.

Wala tusiitegemee serikali peke yake. Marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 ilihusu misitu ya umma na ya jamii, na mwezi wa Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa. Upande wa pili, Rais Museveni alipiga marufuku makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda mwezi wa Mei 2023. Mti wa shambani Malaba haukuwa katika amri hii wala ile. Umeachiwa dhamiri ya mwenyewe.

Basi jibu letu ni kwamba ada ya mtoto ni haja ya kweli, na mwenye dhiki hatumhukumu. Walakini dhiki hupimwa kwa kiasi chake. Je, aliuza tawi kabla ya shina? Aliomba muda shuleni? Alitafuta bei ya mbao, au aliichukua bei ya kuni kwa kuwa mwenye lori alikuwa amekwisha washa mashine? Aliyepita milango hiyo yote akaikuta imefungwa, hana lawama kwetu. Asiyebisha hata mmoja amewakosea wanawe, kwa kuwa wao ndio waliokuwa warithi wa kivuli kile.

Liliulizwa pia jambo la mti ulio katika uwanja wa msikiti. Hili ni jepesi zaidi. Kamati si mmiliki bali ni mwangalizi, na mti wa wakfu hauuzwi kuni kwa sababu kamati ina haja ya fedha. Ukiwa umeoza na kuliinamia paa, na ukatwe, mbao zake zitengenezwe milango na rafu za misahafu, na kinachobaki kinadiwe mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa, na bei yake iandikwe katika daftari la wakfu siku ile ile.