Namba Isiyompendeza Mwalimu

Siku hizi shule za sekondari huwaagiza wanafunzi wafanye uchunguzi mdogo juu ya mazingira: maji ya mto, udongo unaochukuliwa na mvua, takataka, miti. Ni kazi njema. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliwasihi watu wote waitunze dunia kama nyumba yetu sote, na mtu hawezi kuitunza nyumba asiyoijua. Lakini ndani ya kazi hiyo mna swali la maadili lisilosemwa sana. Mwalimu anayewaongoza vijana hawa awasaidie mpaka wapi? Na msaada wake waanza lini kuwa dhara?

Tuchukue mfano wa Bukavu. Mto Kawa wapita katikati ya mji, unakusanya udongo wa vilima vilivyojaa nyumba, na chupa, na mifuko ya plastiki, kisha wavimwaga vyote katika ziwa Kivu. Takataka nyingine zaelea mpaka ziwa linapotoka kwa mto Ruzizi, zikaziba mitambo ya umeme. Basi kijana mmoja auliza: maji yamechafuka kiasi gani karibu na mlango wa Kawa, na kiasi gani mbali nao? Ni swali zuri, kwa sababu lapimika.

Chombo chenyewe ni cha bei ndogo, tena chaitwa kwa jina la padri: Angelo Secchi, Myezuiti, mtaalamu wa nyota huko Roma. Mwaka 1865, katika merikebu ya Papa iliyoitwa Immacolata Concezione, alishusha visahani vyeupe baharini, akaangalia vyapotea machoni kwenye kina gani. Leo, katika maziwa, hutumiwa kisahani cha upana wa sentimetri 20, chenye robo nyeupe na robo nyeusi. Kipande cha bati kilichopakwa rangi chatosha, na jiwe la kukizamisha, na kamba yenye alama. Wakishusha upande wa kivuli wa mtumbwi, jua likiwa juu. Waandika kina kinapopotea, wakivuta, waandika kinapoonekana tena, kisha watafuta wastani wa namba hizo mbili. (Kijana aambiwe mapema kwamba chombo hiki chapima uangavu tu. Maji maangavu yaweza kuwa na kolera.)

Sasa tuseme vijana wamepima mahali pamoja, mbali na mto, siku tatu. Siku ya kwanza wapata metri 4 na sentimetri 10, siku ya pili metri 4 na sentimetri 20, siku ya tatu metri 2 na nusu. Mwalimu alitazamia metri 4. Akunja uso, asema: «Hapa mmekosea.» Hakuamuru uongo, wala hakufuta kitu. Lakini kijana amekwisha kuelewa. Juma lijalo ataleta metri 4. Labda hata mtumbwi hataupanda.

Kwetu mtoto mwema ni yule anayejua matakwa ya mkubwa kabla hayajatamkwa. Baba akitafuta kiti kwa macho, mtoto amekwisha kukileta. Adabu hiyo ni hazina, na mimi siwapendi wanaoicheka. Lakini penye kupima, adabu ileile yaweza kuzaa uongo usio na mwongo: hakuna aliyekusudia kudanganya, na namba si ya kweli.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Gregor Mendel, mtawa wa shirika la Mtakatifu Agustino huko Brno, alipanda njegere miaka mingi, na mwaka 1866 akatoa maandiko ambayo ndiyo msingi wa elimu ya urithi wa viumbe. Mwaka 1936 Mwingereza Ronald Fisher, bingwa wa takwimu, alizichungua namba zake, akaona zapatana mno na zile zilizotazamiwa, kuliko bahati inavyoruhusu. Hakumwita mtawa mwongo. Alidhani kwamba labda msaidizi fulani alijua mno bwana wake alitazamia nini. Wataalamu wamebishana tangu hapo, na wengi wamtetea Mendel. Tena kanuni alizoziona zimethibitishwa na wengine. Linalonishika mimi ni yule msaidizi wa kudhaniwa. Kama alikuwako, hakuwa mtu mbaya. Alitaka bwana wake afurahi. Je, wangapi wa namna yake wako katika madarasa yetu?

Mwingine atasema: hiyo ni kazi ya shule tu, yamdhuru nani? Yamdhuru kijana mwenyewe. Amri ya nane yakataza ushahidi wa uongo, na ushahidi hauanzii barazani kwa hakimu. Kijana aliyezoea kuandika linalotazamiwa, kesho ni mwuguzi anayeandika joto la mgonjwa bila kumpima, au karani wa mizani anayejua uzito wa gunia kabla halijapimwa.

Kuna jambo gumu zaidi. Tuseme maji machafu kuliko yote hayakuonekana mlangoni mwa Kawa, bali chini ya bomba la shule yenyewe, au la misioni. Prefe atakasirika, na mwalimu ana watoto wa kulisha. Hapa busara ina nafasi yake. Mwalimu aweza kuchagua saa na maneno. Aweza kwenda kwa prefe yeye kwanza, peke yake, ili hasira isimwangukie kijana. Aweza kukataa namba ile isisomwe siku ya sikukuu mbele ya wageni. Kuifuta hawezi. Na namba ikiwashtaki watu wa vilimani wanaotupa takataka mtoni, awaulize vijana: watu wale wangezitupa wapi? Kisahani chaonyesha maji yamechafuka kiasi gani. Hakionyeshi ni kosa la nani.

Basi ile metri 2 na nusu? Mwalimu aulize bila kukunja uso: usiku ule mvua ilinyesha? Upepo ulivuma? Nani alitazama? Pengine mvua ilileta udongo mpaka kule, na namba iliyochukiwa ndiyo yenye habari kubwa kupita zote. Pengine macho ya mtoto ni mabovu, naye ahitaji miwani, na nyumbani hawajajua. Wawili watazame kila mmoja peke yake, waandike kwa wino mumo humo mtumbwini, na wakikosea wapige mstari mmoja tu, ili lililokatwa lisomeke. Mwalimu naye aandike anachotazamia kabla ya safari, akifunge katika bahasha, ifunguliwe mbele ya darasa zima wakisharudi. Siku atakayokuwa ameshindwa, awaache wacheke.