WIMBO UNAOTOKA KATIKA SIMU YAKO

Masomo: Zaburi 137, Matendo 16:25, Yakobo 3:9-12

 

Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wanakwaya wetu, hasa vijana, wanalifanya kila juma: kurekodi nyimbo za injili kwa simu na kuzituma katika mitandao, yaani WhatsApp, Facebook, YouTube na TikTok. Wazee wengine wanatuuliza: je, hii ni kazi ya Mungu au ni mchezo wa vijana? Tulitazame jambo hili katika Neno.

Zaburi ya 137 ni zaburi ya wakimbizi. Wayahudi waliochukuliwa mateka waliketi kando ya mito ya Babeli wakalia. Waliowateka walitaka nyimbo za Sayuni ziwe burudani yao, nao wakaona ni vigumu kumwimbia Bwana katika nchi isiyo yao. Sisi tuliotoka Fizi, Uvira, Masisi na Rutshuru tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa. Lakini katika Matendo tunawakuta Paulo na Sila gerezani, wamepigwa na miguu imefungwa, nao usiku wa manane wanaimba. Luka anaongeza neno moja ambalo tusilipite: wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Basi kuimba tukiwa katika shida ili wengine wasikie si mchezo. Ni kazi ya Mungu. Ila kazi hiyo ina masharti yake.

1. Wimbo unafika mahali tusipoweza kufika

Mkimbizi haendi popote bila karatasi. Wimbo hauombi karatasi. Dada yetu Angela Chibalonza, mzaliwa wa Kongo aliyeishi na kuimba Kenya, alifariki katika ajali ya gari mwaka 2007. Wakati ule tulimsikia kwa kaseti na CD. Leo nyimbo zake zimo YouTube, na watoto waliozaliwa baada ya kifo chake wanaziimba katika shule ya Jumapili. Mwaka 2023 mwimbaji wa Rwanda, Israel Mbonyi, alitoa wimbo wa Kiswahili uitwao Nina Siri, nao umetazamwa mamilioni ya mara. Kati ya nchi zetu kuna vita na uchungu mwingi, lakini wimbo ule umeimbwa pande zote za mpaka.

Hata kwaya yetu ndogo inasikika mbali. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani, Kanada na Australia wanaomba tuwatumie nyimbo za ibada, kwa maana huko wengine wanasali kwa lugha wasiyoielewa vizuri. Kwao wimbo wa dakika nne ni mkate.

2. Tusiuze unga kwa ajili ya sifa

Vijana wengi wameambiwa kwamba YouTube inatajirisha. Tuseme ukweli. Ili mtu alipwe kwa matangazo ya video zake za kawaida, ukurasa wake unatakiwa uwe na watu 1,000 waliojiunga, na video hizo ziwe zimetazamwa jumla ya saa 4,000 katika miezi 12. Hata baada ya hapo, wengi wanapata kidogo tu. Sasa mgao wa chakula umepunguzwa, na bando linanunuliwa kwa fedha ile ile ya sabuni na dawa. Baba au mama asiuze unga wa watoto ili kuhesabu waliopenda wimbo wake. Bwana wetu katika Mathayo 6 alituonya tusifanye mema ili tutazamwe na watu. Mtu mmoja akisikia na kutubu, mbinguni wanafurahi, ingawa simu haionyeshi furaha hiyo.

3. Simu moja isitoe maji mawili

Hapa ndipo penye uzito. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu Februari, simu zetu zimejaa sauti na picha. Nyingine ni za kweli, nyingine ni za vita vya zamani zilizopewa tarehe mpya. Asubuhi mwanakwaya anatuma wimbo wa msalaba. Jioni, kwa simu hiyo hiyo, anasambaza sauti inayowaita watu wa kabila lingine wadudu. Jirani yake wa kabila hilo amepokea vyote viwili. Ataamini kipi? Yakobo anasema chemchemi moja haitoi maji matamu na machungu.

Tukumbuke Simon Bikindi, mwanamuziki maarufu wa Rwanda. Mwaka 2008 Mahakama ya Kimataifa kule Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari. Kilichomtia hatiani hakikuwa nyimbo zake, bali maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994. Watu wanamsikiliza mwimbaji hata anapokuwa haimbi. Sauti uliyopewa kwa ajili ya sifa, watu wataifuata pia kwenye damu.

Wengine watasema: lakini tumeumizwa, tumezika watu wetu, tunyamaze? Hapana. Someni Zaburi 137 mpaka mwisho. Inaisha kwa maneno makali ya kutamani kisasi, hata juu ya watoto wachanga. Mungu hakuyafuta. Lakini angalieni mlio ule ulianzia wapi: waliaji walimwomba Bwana akumbuke yaliyotendwa. Walipeleka uchungu wao kwa Mungu. Nasi tupeleke huko, katika maombi ya usiku, siyo katika kikundi cha WhatsApp.

Kwa hiyo tunawasihi wanakwaya na familia zote:
- Kabla ya kusambaza habari ya vita, uliza imetoka kwa nani na lini. Usipojua, iishie kwako.
- Kabla ya kurekodi ibada, omba ruhusa. Wako kati yetu waliokimbia watu wanaowatafuta hata sasa. Uso ulioonekana dakika moja unaweza kuwaonyesha adui mahali walipo.
- Ukurasa wa kwaya uwe wa kwaya. Namba ya siri wajue watu wawili au watatu, ili mmoja akihama au akikasirika kazi isife.
- Kabla ya kutuma wimbo, jiulize kama jirani yako wa kabila lingine angeweza kuimba nawe.

Bwana aliyewasikia Paulo na Sila usiku wa manane azisikie nyimbo zetu, asafishe vinywa vyetu na simu zetu, na aturudishe nyumbani kwa amani kwa wakati wake. Amina.

Ni sisi watumishi wenzenu katika shamba la Bwana.