Habari ya Hatari na Wajibu wa Kuihakiki
Swali la iwapo mtu anawajibika kimaadili kwa anayoyaamini kwa haraka, ambalo wanazuoni wa Kiislamu hulijadili chini ya dhana ya tabayyun, yaani kuihakiki habari kabla ya kuitendea kazi, kama inavyoagizwa katika aya ya 6 ya Sura ya Hujurat, limepata uwanja mpya katika kidirisha kinachochomoza kwenye simu au kishikwambi na kudai kuwa kifaa kimeingiwa na virusi. Ukurasa wa intaneti hauwezi kukagua mafaili ya simu; kwa hiyo mtoa habari huyo anadai kuona asichoweza kukiona, na hilo pekee latosha kumkataa.

Tatizo la habari isiyohakikiwa si jipya: misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na bara la Afrika Mashariki, ambayo Tabora ilikuwa kituo chake kikuu, iliishi kwa habari zisizothibitishika upesi. Mwishoni mwa 1866 Musa wa Nzwani na wenzake, waliomtoroka mvumbuzi David Livingstone, walifika Unguja wakasema ameuawa, na wengi wakasadiki, hadi msafara wa kumtafuta, ulioongozwa na Edward Young, ulipowauliza wenyeji wa Ziwa Nyasa mwaka 1867 na kubaini uongo. Hata mwaka 1872 Livingstone alikuwa bado hai, akiishi Kwihara, jirani na Tabora.

Musa, hata hivyo, alieneza habari, ilhali kidirisha hutaka pia kitendo, iwe malipo au kupakua programu, na ni vigumu kumlaumu mtu aliyebonyeza kwa hofu kabla ya kumlaumu aliyeitengeneza hofu hiyo. Tabayyun hapa ni kufunga ukurasa bila kugusa kitufe chake chochote, kufuta data za kivinjari, na kuondoa ruhusa ya arifa iliyotolewa kwa tovuti hiyo.