Kulala katika Ardhi ya Mwingine

Karibu na mji wa Edinburgh, katika Uskoti, kuna vilima viitwavyo Pentland. Sheria ya mwaka 2003 yampa msafiri wa miguu ruhusa ya kuvipita mchana kutwa, na jioni kusimamisha hema lake katika ardhi ya mwingine bila kulipa, mradi asikanyage mazao wala asiache takataka.

Twauliza: usiku nani amwangalia? Mara nyingi hakuna, ila dhamiri yake. Naye akiharibu, hajidhuru peke yake: kesho mwenye ardhi atamtazama kila mpitaji kama mwizi. Basi uhuru ni amana. Nasi kisimani, au chini ya mwembe wa jirani, twawaachia nini wanaotufuata?