Jina Stanley: Je, Jina Linamfanya Mtu?



Hapa Bunia, na katika vijiji vya Ituri, kuna watoto wanaoitwa Stanley. Wazazi wanalipenda jina hili kwa sababu linasikika vizuri, na kwa sababu ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, kule Uganda, wanalitumia pia. Lakini ukimwuliza mzazi, "Baba, jina hili maana yake nini?" anabaki kimya. Tena wako wengine wanaosema kwamba ni jina la mkoloni, na mtoto anayelibeba anabeba laana. Kwa hiyo tumeona vema tulichunguze jambo hili pamoja. Je, jina linamfanya mtu, au mtu ndiye anayelifanya jina?

Tuanze na maana. Zamani, kwa Waingereza, Stanley lilikuwa jina la mahali. Katika Kiingereza cha kale "stan" ni jiwe, na "leah" ni mahali palipofyekwa katikati ya msitu. Mtu aliyetoka kwenye uwanda wa mawe aliitwa kwa jina la pale kwao, watoto wake wakalirithi, na hivyo likawa jina la ukoo. Baadaye sana watu walianza kulitumia kama jina la kwanza. Jina Henry nalo lilitoka katika lugha za kale za Wajerumani, na maana yake ni mtawala wa nyumba. Basi Henry Stanley ni mtawala wa nyumba kutoka uwanda wa mawe. Hapo hamna uchawi wala laana. Ni nyumba na mawe tu.

Lakini mtu aliyelileta jina hilo kwetu hakuzaliwa nalo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji wa Denbigh, nchi ya Wales, akaitwa John Rowlands. John ni Yohana, maana yake Mungu ni mwenye neema. Rowlands, kwa desturi ya Wales, ni kusema mtoto wa Rowland. Kwa hiyo alikuwa na jina la neema na jina la baba. Lakini wazazi wake hawakuwa wameoana, na katika kitabu cha ubatizo liliandikwa kando ya jina lake neno la kumtangaza kuwa mwana wa haramu. Alipokuwa na miaka sita hivi, alipelekwa kwenye nyumba ya maskini huko St Asaph, akaachwa humo akue.

Mwaka 1859 kijana huyu alifika New Orleans, Marekani. Huko aliacha jina lake akajiita Henry Stanley. Yeye mwenyewe alieleza kwamba mfanyabiashara mmoja, Henry Hope Stanley, alimfanya mwana wake. Waliochunguza maisha yake baadaye wameona kwamba mengi katika hadithi hiyo hayapatani na kumbukumbu zilizoandikwa. Jina Morton aliliongeza baadaye. Kwa miaka mingi alificha mahali alipozaliwa, akasema yeye ni Mmarekani.

Hapa tusimame kidogo. Je, alifanya dhambi kulikimbia jina lake? Sisi tunasema kwanza hivi: mwenye kosa ni yule aliyeandika lile neno kitabuni. Mtoto mchanga hana haramu. Matendo ya wazazi ni ya wazazi. Ukimwandika mtoto kwa aibu siku ya kwanza, usishangae akikua akiikimbia karatasi yako. Lakini pili, jina lililochukuliwa kwa kufunika aibu haliponyi aibu. Yohana wa neema alifunikwa na jiwe, na ndani yake kidonda kilibaki.

Sasa tazameni jinsi watu wetu walivyompa jina la tatu. Kuanzia mwaka 1879 alifanya kazi kwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, huko Bas-Congo. Wakati wa kupasua mawe karibu na Vivi ili kujenga kituo na njia, watu walimwita kwa Kikongo Bula Matari, yaani mvunja mawe. Aliyejiita uwanda wa mawe aliitwa na wengine mvunja mawe! Kisha lile jina likamtoka yeye likaenda kwa serikali yenyewe. Babu zetu waliolazimishwa kutafuta mpira na kubeba mizigo walisema, "Bula Matari amekuja," hata kama aliyekuja ni askari mweusi mwenye fimbo. Kumbe jina ambalo watu wanakupa kwa kuona matendo yako linaweza kuishi kuliko jina ulilojipa.

Na huku kwetu alipita. Mwaka 1887 aliingia katika msitu wa Ituri akienda kumtafuta Emin Pasha, akafika kwenye Ziwa Albert mwezi wa Desemba mwaka ule. Pamoja naye walikuwa wapagazi waliotoka Unguja, wenye kusema Kiswahili kama sisi. Wengi wao walikufa njiani kwa njaa, magonjwa na mishale, na wenyeji nao walipoteza watu na chakula. Jina la bwana mkubwa limebaki vitabuni, lakini ni nani kati yetu anaweza kutaja wapagazi kumi? Stanley alikufa mwaka 1904, na juu ya jiwe la kaburi lake huko Pirbright, Uingereza, waliandika pia Bula Matari. Mungu anayajua majina ya waliolala msituni bila jiwe.

Wengine watasema, basi tuyafute majina yote ya kigeni. Jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 1971 nchi yetu iliitwa Zaire, na mwaka 1972 Mobutu aliacha jina Joseph-Désiré, akaamuru raia wote waache majina ya ubatizo ya Kizungu. Mji wa Stanleyville ulikuwa umekwisha kuitwa Kisangani tangu 1966. Ziwa letu nalo liliitwa Mobutu Sese Seko. Lakini lile jina Zaire lenyewe lilikuwa neno la Kikongo, nzadi, yaani mto, lililopindwa na ulimi wa Wareno. Kilichoitwa cha asili kilikuwa kimepita kinywani mwa mgeni. Na mwaka 1990 mfumo wa chama kimoja ulipoanguka, watu walirudi kwa Pierre na Marie wao. Kubadili majina hakukuondoa wizi wala kuleta haki.

Kuna jambo zito zaidi. Katika miaka ya vita hapa Ituri, tangu 1999 hadi 2003, jina la mtu liliweza kumwua. Kwenye bariera waliuliza jina ili wajue kabila, na jina la babu likawa hukumu. Tangu hapo wako wazazi wanaowapa watoto majina ya kigeni tupu, yasiyoonyesha ukoo. Hatuwahukumu. Mwenye dhambi ni aliyeligeuza jina kuwa shtaka. Lakini tukiwaficha watoto wetu wote, tutakuwa tumekubali kwamba aliyesimama bariera alisema kweli, kwamba jina la jirani ni sababu ya kumwua. Afadhali Mhema alitamke jina la Mlendu kwa heshima, na Mlendu alitamke la Mhema vivyo hivyo, ndipo mtoto hatahitaji kujificha.

Mkitaka kuona jinsi mtu anavyolijaza jina, tazameni Boga, kusini mwa Bunia. Mwaka 1896 alifika huko Mganda mmoja, Apolo Kivebulaya. Apolo ni jina lililotoka kwa mungu wa uongo wa Wayunani. Kivebulaya ni kusema kitu kilichotoka Ulaya. Majina yote mawili ya nje! Lakini alipigwa, akafungwa, akarudi tena, akahubiri hata kwa watu wa msituni, akafa Boga mwaka 1933. Leo jina hilo linatajwa kwa machozi ya shukrani. Yeye na Stanley walipita nchi moja kwa tofauti ya miaka tisa tu.

Basi, wapendwa, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, jueni maana ya jina kabla ya kulileta madhabahuni. Pili, msimwandike mtoto kwa uchungu wenu: Mateso, Shida na Masumbuko ni habari za wazazi, si za mtoto. Tatu, msiliache jina la ukoo kwa aibu. Mtoto anayeitwa Stanley asidharauliwe. Afundishwe kwamba jina lake ni mahali palipofyekwa msituni, penye mawe. Hapo panaweza kujengwa gereza, na hapo panaweza kujengwa nyumba. Yeye ndiye atakayechagua, nasi tunaomlea tutaulizwa tulimpa jembe gani.

Bwana awabariki.