Siri ya Wema Kati ya Mume na Mke



Je, mke anakosea akimficha mumewe fedha anazowawekea watoto? Na mume akiamua peke yake kwenda kutafuta kazi mbali, kwa ajili ya watoto hao hao, amekosa?

Mwandishi Harriette Arnow wa Marekani alilitazama jambo hili katika riwaya yake The Dollmaker, iliyotolewa mwaka 1954. Hadithi inaanzia milimani Kentucky, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Gertie, mama wa watoto watano, analima shamba la wenyewe. Kwa miaka mingi amedunduliza senti zake kisirisiri ili wapate shamba lao. Clovis, mumewe, anayependa mitambo kuliko jembe, naye anakwenda zake Detroit kufanya kazi kiwandani bila kushauriana naye. Shamba likiwa karibu kupatikana, mama mzazi wa Gertie anashikilia kwamba mahali pa mke ni kwa mumewe. Gertie anafunga safari, na shamba linapotea. Mjini wanakuta madeni na nyumba finyu karibu na reli. Huko binti yao mdogo, Cassie, anauawa na garimoshi.

Wengi wataulaumu umaskini, na kweli uliwabana. Lakini tazameni: wote wawili waliwapenda watoto wao. Kila mmoja alikuwa na mpango mwema, ila aliubeba peke yake. Anayemficha mwenzake jambo jema humnyima nafasi ya kulikubali.

Tusiwalaumu sawasawa, hata hivyo. Siri ya Gertie haikumhamisha mtu. Uamuzi wa Clovis uliihamisha nyumba nzima. Na yule bibi alisema nusu ya ukweli. Ni vyema mume na mke wakae pamoja, lakini mume naye ana wajibu wa kumsikiliza mkewe kabla ya kuondoka. Mke asiyesikilizwa hujifunza kuficha.

Hata kwetu wako akina baba walio mjini na akina mama walio shambani. Jioni moja mkiwa pamoja, watoto wakishalala, ulizaneni: Unaitakia nini nyumba yetu? Ni jambo gani unaogopa kuniambia? Atakayeulizwa ajibu bila kukatizwa, na atakayesikia asikasirike upesi. Fedha zikiwa chache, neno la kweli ndilo akiba ya kwanza.